Breki za msukumo za trela: pini, valvu ya umeme au ngoma za kujiachia?

Trela lenye breki za msukumo, yaani zinazobonyezwa na uzito wa trela lenyewe, laweza kutoka Mombasa hadi Malindi, kilomita kama 120, bila kumsumbua dereva hata mara moja, halafu likagoma kurudi nyuma mita tano tu kuingia uani. Injini inanguruma, klachi inaanza kunuka, na magurudumu ya trela hayazunguki, yanalima mchanga. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Breki zile zile zilizolituliza barabarani ndizo zinazolishika sasa, na mwenye trela asipokuwa na namna ya kuzizuia zisishike kwa muda, atalazimisha mpaka kitu kikatike.

Namna za kuzizuia ziko tatu: pini ya mkono, valvu ya umeme inayofuata taa ya rivasi, na ngoma za breki zinazojiachia zenyewe gurudumu likizunguka kinyume. Ukiuliza ipi bora, wengi watakutajia valvu ya umeme kwa sababu ndiyo ya kisasa. Mimi siafiki, angalau si kwa trela la mashua katika pwani hii yetu, na sababu nitazieleza moja moja. Lakini kwa trela la mizigo mizito linalolala pakavu, hesabu inabadilika.

Kinachotokea kichwani mwa trela

Kwenye shingo ya trela, nyuma ya mdomo unaouma mpira wa chuma wa gari, kuna shafti inayoteleza ndani ya gamba. Gari likipunguza mwendo, trela bado lataka kwenda, linaisukuma shafti iingie ndani. Kwenye matrela ya Marekani shafti hiyo husukuma masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki, na mafuta ya breki yakapita kwenye bomba hadi magurudumuni. Kwenye matrela mengi ya Ulaya hakuna mafuta: shafti huvuta chuma kirefu na keboli, nazo hupanua viatu vya breki ndani ya ngoma. Aina zote mbili hazihitaji kidude chochote ndani ya gari. Uzito wa trela wenyewe ndio unaobonyeza breki, na ndiyo sababu leo unaweza kulivuta kwa Land Cruiser na kesho kwa pikapu ya jirani. Breki za umeme haziwezi hivyo, kwa kuwa kila gari litakalovuta lazima lifungwe kidhibiti chake, na sumaku na waya zake huko magurudumuni hazidumu zikizamishwa baharini. Kwa mashua ziache kabisa.

Sasa tia rivasi. Gari linasukuma mdomo, shafti inaingia ndani, na breki zinashika vile vile kama ulivyokuwa ukisimama barabarani. Kwenye lami tambarare trela tupu laweza kurudi bila shida kwa kuwa msukumo wenyewe ni mdogo. Balaa ni penye ukinzani: mchanga laini, kijilima cha getini, jiwe lililojitokeza njiani. Ndipo mtu hununua trela, akalijaribu kwenye sakafu ya saruji akaridhika, kisha akaja kukwama ufuoni Mayungu.

Kuna jambo linalowapita wengi. Unapoteremka kinyumenyume kwenye mteremko wa kushushia mashua, breki hizi hazishiki. Trela liko upande wa chini, uzito wake unalivuta liende majini, shafti inavutwa nje na breki zinaachia zenyewe. Kwa hiyo huhitaji kuzizuia ili kuingia baharini. Ila pia ujue kwamba hapo trela halina breki hata kidogo: gari, trela na mashua vyote vimeshikwa na breki za gari peke yake. Gari dogo juu ya mwani unaoteleza halifai kupewa kazi hiyo. Kuzizuia kunahitajika kabla ya kufika majini, pale kwenye mchanga, na baadaye uani unapolirudisha trela mahali pake.

Kwanza ujue ugonjwa uko mbele au nyuma

Watu hununua valvu au pini kutibu tatizo ambalo si la rivasi. Trela linalogoma kurudi nyuma huenda pia linaburuza breki likienda mbele, ila gari lina nguvu, dereva hasikii. Njia ya kujua ni kuendesha kilomita chache bila kufunga breki ghafla, usimame mahali salama, upeleke kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu. Cha uvuguvugu ni sawa. Kimoja kikiwa cha moto na mwenzake baridi, ugonjwa uko kwenye gurudumu hilo. Vyote vikiwa vya moto, angalia mbele kwenye kichwa.

Kwa breki za mafuta kuna kipimo kizuri zaidi, na ndicho ningetaka kila mwenye trela akijue. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua gurudumu lililoshika kwa jeki, hakikisha hendibreki iko chini. Jaribu kulizungusha kwa mkono. Likigoma, legeza nipeli ya kutolea hewa nyuma ya ngoma hiyo kwa spana. Mafuta yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia papo hapo, ngoma ni nzima, kosa liko mbele: kuna mafuta yaliyonaswa. Yakidondoka tu na gurudumu bado limeshika, kosa limo ndani ya ngoma.

Mafuta yakinaswa, wahusika ni wachache. Shafti imepata kutu na hairudi nje, hivyo masta silinda imebaki imesukumwa. Au tundu dogo la masta silinda linalorudisha mafuta kwenye kikopo limeziba kwa uchafu. Au bomba la mpira limevimba kwa ndani, linapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Kwa nje laweza kuonekana jipya kabisa, na hilo huwahadaa hata mafundi wazoefu. Au, na hii angalia kabla ya zote, keboli ya dharura imevutwa. Keboli hiyo hufungwa kwenye gari ili trela likichomoka lijifunge breki lenyewe. Ikiwa fupi mno, kona kali moja inatosha kuivuta, nayo ina meno yanayoishikilia hapo hapo. Dereva anaendelea na safari na breki zimeshika nusu. Kuachia kwake mara nyingi ni kuinua kile kibati cha meno kwa bisibisi, kisha ufunge keboli kwa ulegevu unaoruhusu kona bila kugusa ardhi.

Kosa likiwa ndani ya ngoma, tafuta pistoni ya silinda ya gurudumu iliyoshikwa na kutu, springi iliyokatika, mchanga, au viatu vilivyokazwa kupita kiasi. Hili la mwisho husababishwa na fundi kwa nia njema: mwenye trela amesema breki ni dhaifu, fundi amekaza kirekebisho mpaka ngoma inakwaruza. Kwa breki za mafuta za kawaida, kaza mpaka gurudumu lisizunguke, kisha rudisha nyuma kama meno kumi ya kile kigurudumu cha nyota, uzungushe usikilize. Uingize bisibisi kwenye tundu la sahani, kile kibati cha nyuma ya ngoma kinachobeba viatu, hapo utahesabu meno kwa sikio.

Na kinyume chake, trela lisiloshika kabisa? Angalia mafuta, hewa kwenye bomba, viatu vilivyoisha, shafti iliyoganda isiyoingia ndani. Na angalia kama kuna pini iliyosahauliwa. Trela likigonga gari kwa kishindo kila unaposimama, shokabsoba ya kichwani imekufa. Barabara ya huku ina matuta mengi, na kila tuta ni kusimama na kuondoka. Shokabsoba ya trela la Malindi hufanya kazi kubwa.

Pini ya mkono

Hii ndiyo kongwe na rahisi. Shafti ikiwa imetoka nje, unaingiza kipande cha chuma kati ya mdomo na gamba, au kwenye tundu lililotengenezwa kiwandani, ili isiweze kuingia. Breki hazipati taarifa yoyote ya msukumo. Unarudi nyuma, unaichomoa, unaondoka.

Utaratibu wake una hatua moja ambayo watu huiruka kisha wakailaumu pini. Baada ya kusimama, shafti huwa imeingia ndani. Lazima uvute mbele kidogo, taratibu, mpaka ionekane yote, ndipo uweke pini. Kwenye mlima au mchangani, weka jiwe nyuma ya gurudumu la trela kabla hujashuka garini. Ukijaribu kuigongomea pini kwa nyundo huku shafti imeingia nusu, utaharibu gamba na bado breki zitakuwa zimeshika.

Uzuri wake kwa Pwani ni mkubwa kuliko watu wanavyoupa heshima. Haina waya wa kuoza kwa chumvi. Haijali kama plagi ya taa imechomekwa. Fundi yeyote wa kuchomelea atakutengenezea kipande cha chuma chenye umbo la U kinachokaa juu ya shafti, na hata kikipotea majini hupotezi mali. Mwambie tu asitoboe gamba wala asichomelee kwenye shafti yenyewe. Moto wa kuchomelea huharibu bushi na sili za ndani. Kipande kikae juu, kiondoke kwa mkono.

Ubaya wake ni mmoja, lakini si mdogo. Ikisahaulika, trela halina breki. Si breki dhaifu, hakuna kabisa. Dereva anashuka kwenye mteremko wa daraja la Kilifi akiwa na tani moja na nusu nyuma yake, anakanyaga breki, na mzigo wote unamsukuma. Kwa hiyo pini yangu haikai bila kitambaa chekundu kirefu kinachoning'inia, na ufunguo wa gari na pini hufungwa kamba moja wakati haitumiki: ukiwasha gari, pini iko mkononi mwako, la sivyo ujue bado iko kwenye trela. Kwa trela la mtu mmoja mwenye nidhamu, hilo linatosha. Kwa trela la kukodisha linaloendeshwa na yeyote, halitoshi.

Valvu ya umeme

Hii hufungwa kwenye bomba la mafuta karibu na masta silinda. Ukitia rivasi, umeme wa volti 12 wa taa ya rivasi unaifikia, inafunga njia, na mafuta hayaendi magurudumuni hata shafti ikiingia ndani. Ukitoa rivasi inafunguka. Dereva hashuki, hakumbuki chochote, na hawezi kuisahau barabarani. Kwa breki za diski hii karibu ni lazima, kwa sababu diski haina namna ya kujiachia yenyewe; inashika sawa mbele na nyuma. Haifai kwa breki za keboli, hakuna mafuta ya kuzuia.

Tatizo liko kwenye ule waya. Plagi ya duara ya pini saba iliyozoeleka hapa, kwa mpangilio wake wa asili, haina njia ya taa ya rivasi. Pini ya 1 na ya 4 ni za indiketa, ya 3 ni hasi, ya 5 na ya 7 ni taa ndogo, ya 6 ni taa za breki, na ya 2 ni ya taa ya ukungu. Mafundi huitumia hiyo ya 2 kupeleka umeme wa rivasi, na ni suluhisho la maana mradi gari na trela viwe vimefungwa vivyo hivyo. Ukiazima gari jingine ambalo pini yake ya 2 haina kitu, valvu haifanyi kazi na trela linajifunga. Na pini ya 2 ikiwa kwenye gari hilo kweli inawasha taa ya ukungu, dereva akaiwasha usiku wa mvua, valvu itafunga na trela litakuwa bila breki safari nzima. Hilo ni la hatari na halionyeshi dalili mpaka siku ya kuhitaji breki.

Halafu kuna bahari. Mtu anayejali trela lake huchomoa plagi ya taa kabla ya kulizamisha, ili balbu zenye moto zisipasuke na fyuzi zisiungue. Ni tabia njema. Lakini plagi ikichomolewa, valvu imekufa, na hapo hapo kwenye mchanga ndipo unapoihitaji. Ukiiacha plagi ili valvu ifanye kazi, unazamisha taa zikiwa na umeme. Taa za LED zilizozibwa vizuri hupunguza shida hii, ila haziiondoi. Chumvi ya hewani peke yake huzipaka pini za plagi ukungu wa kijani, na waya wa hasi ndio wa kwanza kupoteza mshiko.

Kuipima si kazi. Washa swichi bila kuwasha injini, tia rivasi, mtu mmoja aweke sikio karibu na valvu. Lazima isikike ikigonga mara moja. Kimya? Angalia taa za rivasi za gari lenyewe. Nazo zikiwa zimezima, ni fyuzi au swichi ya gia. Zikiwaka, fuata waya hadi plagi, kisha waya wa hasi, ambao ndio mkosaji wa mara nyingi. Ikigonga na trela bado linajifunga, umeme hauna hatia: valvu imepata uchafu ndani na haizibi, au breki zilikuwa zimekwisha kushika kabla ya kutia rivasi. Hilo la pili huwapata wanaosimama kwa kuteremka kisha wakatia rivasi papo hapo. Shafti imeingia, mafuta yamesukumwa, na valvu inakuja kufunga mlango huku msukumo uko ndani. Vuta mbele kidogo kwanza, breki ziachie, ndipo utie rivasi.

Ngoma za kujiachia

Hapa kuzuia breki kunafanyika ndani ya gurudumu. Gurudumu likizunguka mbele, kiatu kinasimama imara dhidi ya egemeo lake na kinabana. Likizunguka kinyume, egemeo linateleza au kiatu kinakunjika kidogo, nguvu ya kubana inapotea, na gurudumu linapita. Utasikia ukinzani mwanzo, kisha unaachia. Ukienda mbele tena, kila kitu kinarudi mahali pake. Uingereza imetaka matrela yenye breki yawe na uwezo huu tangu 1989, ndiyo maana trela la mtumba kutoka huko mara nyingi huja nao tayari na mwenyewe hajui.

Kujua kama lako linao ni kipimo cha dakika chache. Inua gurudumu moja, zuia mengine, mtu aisukume shafti ndani kwa nguvu au, kwa breki za mafuta, avute keboli ya dharura. Zungusha gurudumu kuelekea mbele: litashika. Zungusha kinyume: likipita baada ya ukinzani mfupi, unazo. Likishika pande zote mbili, aidha si za kujiachia, au egemeo limeganda kwa kutu.

Na kutu ndiyo adui wake mkubwa huku. Lile egemeo dogo linaloteleza likikaa miezi bila kusogea, linaganda. Wakati wa kusi mashua nyingi hupandishwa juu na matrela husimama. Ukiliacha na hendibreki imevutwa muda wote huo, viatu hushikana na ngoma, na siku ya kuondoka unasikia kipande cha breki kikibanduka. Liache na hendibreki iko chini na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha kila baada ya kutoka baharini, osha ngoma kwa ndani kwa maji baridi kupitia tundu la sahani au mrija wa kuoshea kama umefungwa. Maji ya kisima ya karibu na ufuo mengi yana chumvi. Tumia ya mfereji au ya mvua, la sivyo unaongeza ulichotaka kuondoa.

Ngoma hizi pia zinadai marekebisho sahihi. Zikikazwa mno, kiatu hakina nafasi ya kukunjika, trela linajifunga likirudi nyuma, na mtu atasema ngoma ni mbovu. Zaidi, sahani ya kushoto na ya kulia si moja. Zikibadilishwa upande, trela litashika kidogo mbele na kushika sana nyuma, kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Kwenye breki nyingi za mafuta za aina hii, kiatu chenye ngozi (kile kitambaa kinachosugua ngoma) fupi hukaa mbele na chenye ngozi ndefu nyuma. Ukinunua trela la mtumba, vua ngoma moja utazame kabla hujatoa pesa.

Angalizo la hendibreki: kwa kuwa ngoma inajiachia gurudumu likirudi, trela lililoegeshwa likitazama mlimani laweza kurudi nyuma kidogo kabla hendibreki haijalikamata tena kwa springi yake. Ivute hadi mwisho, na jiwe liwepo.

Diski au ngoma

Nalipitia kwa ufupi kwa sababu linabadilisha uchaguzi. Diski huoshwa kwa urahisi, mchanga haunaswi, na utaona ngozi imebaki kiasi gani bila kuvua kitu. Kwa maji ya chumvi, diski ya chuma kisichoshika kutu hudumu kuliko ngoma. Lakini ukichagua diski umechagua pia valvu au pini, na masta silinda yake ni tofauti: ile ya ngoma huacha msukumo mdogo ndani ya bomba ili viatu viwe karibu, na msukumo huo huo kwenye diski huziburuza mpaka zikaungua. Anayebadilisha ngoma kwa diski bila kugusa masta silinda atakuja kulalamika kwamba diski hazifai.

Kwa mafuta ya breki, tumia daraja la DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, na si mafuta mengine yoyote. Mafuta ya injini au ya usukani huvimbisha mipira yote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, nasi tunaishi kwenye unyevu. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi za Selsiasi zisizopungua 205, ikishanyonya maji kiwango chake ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Badilisha kabla hayajawa meusi.

Wanaotaka kuziondoa

Nahodha mmoja aliniambia, "Fundi, ziondoe zote, mimi nataka lirudi tu." Nikamjibu, "Nahodha, kurudi utarudi. Kusimama je, ukiwa na mashua nyuma na tuktuk imekuingilia mbele?" Tulitengeneza pini tukaacha breki.

Ulaya trela linalozidi kilo 750 halikubaliwi bila breki, na breki za msukumo zinaruhusiwa hadi kilo 3,500. Uzito hautofautiani kwa kuvuka bahari. Mashua ya futi ishirini na kitu yenye injini na mafuta inazidi kilo 750 kwa urahisi, na shehena ya mawe ya kuchonga ndiyo usiseme. Wengine hawaziondoi, wanabana bomba la mpira kwa koleo kila wakirudi nyuma. Bomba hilo hupasuka kwa ndani, na unajitengenezea ule ugonjwa wa mafuta kunaswa nilioutaja juu. Wengine wanachomelea shafti. Huko ni kuziondoa kwa jina jingine.

Nani achukue ipi

Trela la mashua linaloingia baharini Malindi au Watamu, dereva mmoja anayelijua: ngoma za kujiachia kama linazo, zioshwe kila safari, na pini iwe akiba kwa siku egemeo litakapoganda. Kama halinazo, pini peke yake yatosha. Valvu ya umeme hapa naiweka mwisho, kwa ile sababu ya plagi. Ukiwa na diski na pesa, valvu pamoja na pini: valvu kwa uani, pini kwa mchangani plagi ikiwa imechomolewa.

Trela la mizigo lisiloguswa na bahari, la mawe, saruji au boriti, linalovutwa na gari moja lile lile na kurudi nyuma mara nyingi kwa siku kwenye maeneo ya ujenzi: valvu ya umeme. Kushuka kuweka pini mara nyingi hivyo kunamfanya mtu aiache kabisa, au aiache ndani. Pima mlio wake kila Jumatatu kabla ya kazi.

Trela la chumvi kutoka Gongoni au Marereni nalihesabu pamoja na la mashua hata kama halijawahi kuona mawimbi. Chumvi inayomwagika juu ya shingo hula waya na shafti vile vile. Keboli zake zipake grisi, na kichwa kioshwe.

Trela la kukodisha: ngoma za kujiachia, bila mjadala. Huwezi kumfundisha kila mteja utaratibu wa pini, na huwezi kujua pini ya 2 ya gari lake inafanya nini.

Anayevuta hadi Mokowe ili mashua ikashushwe kwa ajili ya Lamu, safari ni ndefu na ya joto. Huyo, awe na njia yoyote ile, asiingize trela majini akiwa amefika tu. Kitovu chenye moto kikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili hadi kwenye beringi. Gusa vitovu vyote, ngoja vipoe mpaka kiganja kikae bila kuungua, na kimoja kikichelewa kupoa kuliko wenzake, fungua hiyo ngoma kabla ya safari ya kurudi.